Bibi kauliza "tumemaliza?", nikasema ndiyo, rekoda ikaendelea. Na mfongo wenyewe hauna maji

BintiWaPasua

Habari za humu wakuu. Wakubwa, shikamooni.

Mimi ni ripota wa kujitegemea hapa Moshi. Sina mshahara, nalipwa kwa makala. Ikirushwa ndiyo nimekula. Natanguliza hilo ili mtu asije akaniambia "si uiache tu". Kuiacha ni nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, ni bando, ni siku tatu za kazi.

Februari hii nilipanda Uru kutengeneza makala ya dakika saba kuhusu mfongo mmoja uliokauka. Kwa msiotoka huku: mfongo ni mfereji wa asili. Wazee waliziba sehemu ya mto huko juu kwa mawe, udongo na vigogo vya migomba, hapo panaitwa banio, wakayachepusha maji yakateremka vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani, kila nyumba na zamu yake. Wazungu wa kwanza kufika huku karne ya 19 waliikuta mifongo inafanya kazi. Leo mingi ni handaki la majani makavu na chupa za plastiki.

Nikampata bibi mmoja wa miaka 80 na ushee. Tulikaa nje ya jiko, yeye kwenye kigoda, mimi juu ya ndoo niliyoigeuza. Mkwewe yuko pembeni anamenya ndizi za mtori. Bibi ana sauti, wakuu! Sauti kavu yenye mikwaruzo, kama mtu anasugua sufuria kwa majivu, lakini kila neno linafika. Nikamwuliza, "Bibi, maji yaliacha kuja lini?" Akanyamaza sekunde 11. Nimezihesabu kwenye kompyuta. Ndani ya hizo sekunde kuna jogoo wa jirani, kuna kisu cha mkwewe kinaingia kwenye ganda la ndizi, tii, tii, halafu bibi anavuta pumzi na kusema: "Mvua zimetukataa."

Hapo nikajua makala nimepata.

Tukaendelea na mengine, mwisho akauliza, "Tumemaliza?" Nikasema, "Tumemaliza bibi, ahsante sana." Rekoda nikaiweka kwenye benchi, nikakaribishwa mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilisahau kuizima.

Wakahamia Kiuru, yeye na mkwewe. Mimi ni wa Machame, Kiuru nakisikia nusu, na hiyo nusu yenyewe ni ya sokoni. Nilichokipata ni hiki: maji hayajakauka. Mwanawe ndiye kayaiba huko juu, anamwagilia nyanya zake bondeni. Wakacheka wote wawili, kile kicheko cha wanawake wanaojua jambo la nyumbani.

Mnaiona shida yangu. Maiki ikiwa mbele yake ni mvua. Maiki ikiwekwa chini ni mwanangu. Nikirusha la kwanza peke yake narusha kitu ambacho nina wasiwasi nacho mwenyewe. Nikirusha la pili namchonganisha bibi na mtoto wake mbele ya kijiji kizima, kwa maneno aliyoyasema akiamini nimeshafunga.

Bado kuna mhariri. Redio sitaitaja jina. Kasikiliza, katoa maagizo mawili. Sekunde 11 kata zibaki mbili, "hewani ukimya ni kosa". Halafu makala ya maji bila mlio wa maji haiendi, "tafuta maji popote uweke mwanzoni". Ninayo maji ya maporomoko ya Materuni, niliyarekodi mwaka jana kwa kazi nyingine, na Materuni iko huko huko Uru. Ni majirani kabisa. Lakini si mfongo ule, na mfongo ule hauna hata tone.

Ninyi mngefanyaje? Matusi sitaki, nimeshajitukana ya kutosha. Nawasilisha.

---

Kijana_Kiboriloni

Wakuu mnapenda kujipa kazi. Maji ni maji. Abiria wa hiace atajuaje haya ni ya Materuni na yale ni ya mfongo? Weka, ulipwe, maisha yaendelee. Na hilo la mwanawe weka pia, ndilo litakalosikilizwa.

---

FundiMitambo

Marahaba binti. Na wewe kijana wa Kiboriloni nimekusoma, subiri nitakufikia.

Nimefanya kazi ya mitambo na kuhariri sauti tangu mwishoni mwa miaka ya 70 mpaka nilipostaafu. Enzi zetu ni mkanda. Ripota anatoka na Uher begani, ile rekoda ya mkanda, anarudi bega limeinama, ananipa mkanda kwenye gurudumu lake. Unakimbia sentimita 19 kwa sekunde. Kuukata ni kwa wembe, juu ya kibao chenye mfuo wa mshazari, kisha unagandisha kwa utepe maalumu. Nakueleza haya kwa sababu moja. Ukimya wa bibi yako ungekuwa mita 2 za mkanda na kidogo. Unauona kwa macho. Unautundika shingoni kama futi ya fundi cherehani wakati unatafuta pa kuunganishia, na kabla hujauachia sakafuni unajiuliza, hivi natupa nini? Ninyi mnabonyeza kipanya, kitu kimekwenda, hata kapu la taka halijai.

Mhariri wako hajakosea kabisa, tumtendee haki. Vituo vingi vina kifaa kinachosikilizia ukimya. Sauti ikipotea kwa muda uliopangwa, kinadhani mtambo umekufa, kinapiga kengele au kinawasha muziki wa akiba. Lakini kifaa kinapima kiasi cha sauti tu. Sekunde zako zina jogoo na kisu na upepo, kifaa hakitashituka. Mwombe mhariri asikilize kwa hedifoni, si kwa spika ya kompyuta katikati ya chumba cha habari watu wakibishana mpira. Aking'ang'ana mpe sita. Mimi ningekubali sita. Ukizibana zikawa mbili, bibi anakuwa mtu aliyekuja na jibu lake mfukoni, na inavyoonekana hakuja nalo.

Sasa maji. Kijana, nisikilize. Miaka ya 80 tuliandaa makala ya ukame Umasaini. Ripota karudi na sauti za watu watupu, ng'ombe hakuna. Mimi ndiye niliyeingia maktaba ya sauti, nikachomoa ng'ombe kwenye mkanda wa milio, nikambandika. Akalia vizuri sana! Studio nzima tukasema huyu ng'ombe ana kiu. Zikapita kama wiki tatu, ikaja barua, karatasi ya daftari la mistari, mwandiko wa mtoto wa shule, baba yake ndiye anamsomea maneno. Mzee anauliza kwa heshima zote: yule ng'ombe wa kwenye redio analilia ndama wake aliyetengwa naye, mbona ninyi mmesema ana kiu?

Sikuwa na jibu. Ile barua nilikaa nayo kwenye droo mpaka tunahama ofisi.

Kwa hiyo ndiyo, abiria wa hiace hatajua. Lakini wenye ule mfongo nao watafungua redio siku hiyo, tena watakaa kundi, na wamezaliwa wanausikia. Maporomoko yanaunguruma. Mfongo unanong'ona. Hakuna mtu wa Uru atakayechanganya.

Ushauri wangu, binti: rudi ukarekodi ukavu. Ingia ndani ya mfongo wenyewe, tembea. Majani makavu ya mgomba yakikanyagwa yana mlio wake, hayafanani na majani mengine yoyote. Mwombe mtu apige jembe mle, jembe likutane na jiwe palipopaswa kuwa na tope. Anza makala na hicho, halafu sema tu, huu ni mfongo. Msikilizaji atayatafuta maji mwenyewe kichwani. Na kama ni lazima Materuni iingie, itaje kwa jina: haya ni maji ya Materuni. Sentensi moja, sekunde tatu, hakuna aliyedanganywa.

Ukiwa huko usisahau kurekodi hewa ya mahali kwa dakika nzima bila mtu kusema, utaihitaji kuzibia viraka. Simu iweke hali ya ndege, ikikaa karibu na rekoda inaingiza ule mdundo wa di-di-dit ambao hautoki tena. Maiki iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, maana Kiswahili chetu kina P na B nyingi, zinapuliza.

Kuna kitu kimoja umekipitia haraka. Ulisahau kweli? Rekoda zina taa nyekundu.

---

Mkalimani_AR

Dada pole na majukumu. Niko Arusha, kazi yangu ni ukalimani. Mzee kamaliza habari ya maji, mimi nimeganda kwenye neno moja katika bandiko lako: "kayaiba". Umesema Kiuru unakisikia nusu. Hiyo "iba" iko kwenye nusu ipi?

Nikueleze kwa nini nauliza. Wakati ile Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iko kwenye majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano hapa mjini, nilikuwa kijana natafuta kazi hii. Nikawa nakwenda kukaa ukumbi wa wasikilizaji, nyuma ya kioo, hedifoni masikioni, nikiwasikiliza wakalimani zaidi kuliko mawakili. Kulikuwa na kesi ya vyombo vya habari, iliyotolewa hukumu tarehe 3 Desemba 2003, na ndani yake kanda za RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya 1994, zilikuwa vielelezo. Matangazo ya Kinyarwanda, yanageuzwa Kifaransa, yanageuzwa Kiingereza, na watu wanabishana juu ya neno moja. "Gukora" ni kufanya kazi tu, hata Mswahili anaweza kuotea. Lakini Georges Ruggiu, mtangazaji wa redio hiyo aliyekiri makosa mwaka 2000, alikubali kwamba "nendeni mkafanye kazi" ilikuja kueleweka kuwa nendeni mkawaue Watutsi na Wahutu walioipinga serikali. "Inyenzi" kamusi itakuambia ni mende. Aliyetafsiri kamusi tupu hakukosea hata neno moja na bado hakusema kilichosemwa.

Simlinganishi bibi wa watu na mambo hayo, Mungu apishe mbali. Ninalosema ni la kiufundi. Sauti ikitoka kwenye lugha yake, wewe uliyeibeba ndiye umeshika usukani, na anayesikia Kiswahili chako hana pa kukukagua.

Fanya hivi. Tafuta watu wawili wa Uru, wasiwe ndugu wa bibi, wasikilize kila mmoja kivyake. Usiwaambie ulichosikia wewe. Ukimwambia mtu "hapa si anasema ameiba?", ataisikia hiyo iba hata kama ni kuku anawika. Waandike yote, na mahali pa kicheko waandike kicheko. Kicheko nacho kina tafsiri: mtu akimshitaki mwanawe kwa wizi huwa hacheki hivyo. Labda.

Ukija kuweka sauti ya tafsiri juu yake, mwache bibi asikike kwanza peke yake sekunde tatu nne, kisha ndiyo umshushe taratibu, na mwisho umpandishe tena amalizie mwenyewe. Msomaji wa tafsiri awe mwanamke mtu mzima. Nimechoka kusikia bibi wa miaka 80 anatafsiriwa na binti mwenye sauti ya tangazo la mafuta ya nywele.

Na usije ukadanganywa na wazo la kumbadilisha sauti ili asijulikane. Kuipandisha au kuishusha sauti kwa programu hakufichi mtu; mwenye programu kama hiyo anaweza kuirudisha, na wa kijijini hawahitaji hata kuirudisha, wanamjua kwa anavyopanga maneno. Kama ni kumficha, asomewe maneno na mtu mwingine, na useme hivyo hewani.

---

NdiziMshale

Mimi si mwanahabari. Niko upande wa pili wa maiki, naomba nichangie.

Mwaka 2012 mama yangu alikuwa anauza ndizi Mbuyuni. Akaja ripota, kijana mstaarabu, akamrekodi kuhusu ushuru na mgambo wa soko. Mama alikuwa na kipaji cha kuiga watu. Akamwiga mgambo, ile sauti ya kutokea puani, "mama ndizi, toa hapo, toa hapo!" Watu walicheka sana siku ilipotoka, na yeye alifurahi, alitusimulia wiki nzima.

Mwaka uliofuata akafariki.

Siku moja, ilikuwa haijafika miezi minane, nimepanda hiace niende Himo. Redio imewashwa. Nasikia "mama ndizi, toa hapo". Walikuwa wanarudia makala za zamani. Hiace nzima inacheka, konda anaigiza na yeye. Hakuna aliyenikosea pale, wangejuaje? Nilishuka Kiboriloni na mizigo yangu nikakaa kwenye jiwe.

Baadaye nilikwenda kwenye hiyo redio. Sikwenda kugomba. Sikuwa na sauti ya mama popote. Picha tunazo, sauti hatuna. Nikaomba mazungumzo yote, maana ripota alikaa naye zaidi ya nusu saa. Walinipokea vizuri, wakatafuta, wakaniambia ya awali yalishafutwa ili kupata nafasi, na kijana mwenyewe alishaacha kazi. Kilichobaki ni sekunde 40 ndani ya kipindi. Wakanichomea kwenye CD. CD ninayo mpaka leo, mashine ya kuichezea sina.

Kwa hiyo dada, mimi swali lako la kurusha au kutorusha sina uwezo nalo. Nauliza bibi atabaki na nini. Mpelekee nakala ya yote, hata kikohozi, hata mbege. Na mkae mkaisikilize pamoja kabla ya wengine. Wewe ni wa Machame, hufundishwi: kung'oa jani la sale, lile la kuombea msamaha, ukaenda nalo mkononi si aibu.

---

Kijana_Kiboriloni

Mzee, ya ng'ombe imeingia. Mama wa ndizi pole sana, na hicho Kiboriloni ulichoshukia ndiyo kwetu. Ila bado nasema mhariri hana habari na masale.

---

BintiWaPasua

Nimerudi wakuu. Samahani, ni siku tisa.

Nianze na la mzee FundiMitambo. Sikusahau. Taa nyekundu niliiona. Nikapewa kata ya mbege, nikainywa kidogo, nikaiweka juu ya benchi mbele ya ile taa. Ndivyo ilivyokuwa. Nilipoandika "nilisahau" nilikuwa nimeshajizoesha kusema hivyo hata kwa mume wangu.

Nilifanya alivyosema mkalimani. Mmoja mwalimu anayekaa mtaa wa pili kutoka kwangu, mwingine mama wa mboga pale Mbuyuni, wote wa Uru, hawajuani. Kila mmoja kivyake, mdomo nimeubana. Mwalimu kaandika "ameyageuza maji". Mama wa mboga kasema "kayageuzia kwake". Nikamwomba arudie kusikiliza mara tatu, mpaka akaniuliza kama namdai. Wizi haumo. Neno hilo nililiweka mimi.

Jumamosi nikapanda. Sale sikubeba, niliona haya, nikabeba sukari kilo mbili na majani ya chai. Nikamwambia bibi kabla hata sijakaa: siku ile uliponiuliza tumemaliza, nilisema ndiyo, mashine ikaendelea, na nilijua. Akanitazama. Akasema, "Basi tusikie." Nikawasha kaspika kangu kadogo.

Sasa sikilizeni. Ilipofika kwenye zile sekunde 11, mimi nimeinamisha kichwa kama niko kanisani, bibi akasema, "Hapo nilikuwa natafuta mwaka. Sikuupata." Yaani alikuwa anahesabu! Niliolewa lini, wa kwanza nikamzaa lini, kahawa ilishuka bei lini, akapotea katikati, ndiyo akaja na mvua. Kwenye skripti yangu nilishaandika "ananyamaza kwa uchungu". Nimefuta. Ukimya nimeubakiza, ila sasa haunielekezi wala simwelekezi mtu.

Kilichomkasirisha sicho nilichokiogopa. Nilikuwa nimepanga kuanza makala na mlio wa mbege ikichotwa, gludu gludu, mlio mtamu sana, nilijivunia. Akainua kidole. "Hiyo toa. Mimi mzee wa kanisa." Nikamwambia bibi hakuna atakayejua ni mbege. Akasema wote watajua. Mkwewe naye anatikisa kichwa, wote watajua.

Tukafika kwenye kicheko na habari za mwanawe. Akaomba nirudishe. Akacheka tena pale pale alipocheka mara ya kwanza. Halafu akanyanyuka kwa kujishika magoti na kusema, "Hilo si langu kukupa. Kamwulize mwenyewe, yuko bondeni saa hizi anamwagilia."

Bondeni ni mwendo wa kama dakika 20, mteremko unaouma magoti. Nilimkuta ndani ya gambuti, ana mpira mkononi. Hakufurahi. Aliomba kitambulisho, akakisoma mbele na nyuma. Baadaye akaongea, na mimi rekoda iko kwenye begi, begi limefungwa zipu, nikamwonyesha. Anasema mfongo unataka kusafishwa kila mwaka. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, uliitishwa mara tatu, mara tatu zote wakaja watu watatu. Hao watatu wakatengeneza banio kwa saruji ya mfukoni mwao. Wengine vijana wako Dar, wengine wana bomba, bili wanalipa, mfongo wa nini? "Maji yanakwenda kwa aliyeshika jembe," akasema. Nikamwuliza, na mama yako jembe atalishika vipi? Akainama akahamisha mpira kwenye tuta lingine.

Sikumwuliza tena.

Nilipoomba kumrekodi alikataa. Jina hapana, sauti hapana. Nikashukuru, nimefunga viatu vyangu, nataka kupanda, akasema, "Lakini maji unaweza kurekodi. Maji hayana kesi."

Kwa hiyo mzee, nimeyapata. Ni maji ya mfongo ule ule, mahali yanapotoka kwenye mfereji na kudondokea jiwe kabla hayajaingia kwake. Mara ya kwanza nilisimama mbali, nilipovaa hedifoni nikasikia shhhh tu, kama redio isiyoshika stesheni. Nikapiga magoti, maiki nikaisogeza karibu na jiwe kiasi cha shubiri, hapo ndipo yakaanza kusema. Umesema mfongo unanong'ona. Huu unaguguna, kama mtoto mwenye muwa. Nimechukua dakika mbili, yeye amesimama mbali kashika mpira uliofungwa, kaufunga mwenyewe bila kuambiwa ili usiniharibie.

Makala inaanza na majani makavu chini ya viatu vyangu kule juu, na jembe. Maji yanakuja dakika ya tano, na nasema ni ya wapi. Habari ya msaragambo naisema mimi kwa sauti yangu, kwamba watatu walikuja na wengi hawakuja, bila kusema nani ni mtoto wa nani. Kijijini wataunganisha, najua. Hilo nililiambia wote wawili, mama na mwana. Sijaridhika nalo sana ila sikupata njia nyingine iliyo ya kweli.

Mhariri nilimvisha hedifoni kama ulivyonifundisha. Sekunde saba tumekubaliana. Anasema makala imekuwa dakika nane na nusu na malipo ni ya saba. Kijana wa Kiboriloni, hapo ulinena.

Dada NdiziMshale, hili ni lako. Redio ya bibi ni ya sola na ina tundu la flashi. Nimemwachia flashi, dakika zote 48 pamoja na zile za baada ya "tumemaliza", nakala nyingine iko kwangu na siifuti. Kuhusu CD yako, fundi wa kompyuta yeyote mwenye mashine ya zamani anaweza kukuhamishia kwenye simu. Kama uko Moshi niandikie faragha, ninayo moja nyumbani inafanya kazi, inataka kupigwa kofi kidogo tu.

Mkwewe kanipigia jana jioni. Anasema bibi anawachezea wageni, yote, mwanzo mpaka mwisho, na kwenye kile kicheko cha habari za mwanawe anaongeza sauti. Ikifika kwenye mbege anaipunguza.